Jina lisilo na muda kwenye mlango wa gereji

Jumamosi iliyopita kaka yangu alinipigia simu asubuhi, nikiwa bado sijapanga vitenge vyangu pale soko la Ruvumera. Akaniambia anabadilisha mlango wa gereji, maana bati limeoza kwa chini na fundi wa kuchomelea anakuja saa nne. "Njoo uutazame kabla haujang'olewa," akasema. Nikamwachia jirani meza yangu, nikamchukua mwanangu wa miaka kumi na mmoja, tukaenda.

Gereji hiyo ilikuwa ya marehemu baba yetu, na iko hapahapa Buyenzi, Bujumbura, kwenye mtaa ambao nyundo huanza kulia kabla jua halijachomoza. Upande wa ndani wa mlango kuna maandishi mawili ya rangi nyeupe, ile ile aliyoandikia namba za magari. Juu imeandikwa NIYONGABO 13.07.96. Chini yake KWIZERA, basi, hakuna kingine.

Mwanangu akasoma kwa sauti, kisha akauliza, "Mama, huyu wa pili mbona hana namba?"

Nilimjibu kwa ufupi, maana fundi alikuwa tayari ameshafika na mitungi yake. Jibu lile halikunitosha mimi mwenyewe, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilizungusha kichwani. Leo naliandika lote: ni habari ya wakimbiaji wawili wa Burundi, na namba zile ni muda wa mbio, si tarehe.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Burundi ilipata uhuru mwaka 1962, lakini ilikuwa haijawahi kupeleka hata mtu mmoja kwenye Olimpiki. Miguu haikuwa tatizo. Charles Nkazamyampi alishapata fedha ya mita 800 kwenye mashindano ya dunia ya ukumbini, Toronto, mwaka 1993. Mwaka 1995, kwenye mashindano ya dunia ya uwanjani pale Gothenburg, Arthémon Hatungimana alichukua fedha ya mita 800, na Vénuste Niyongabo shaba ya mita 1500. Nchi yetu unaweza kuivuka kwa gari kwa siku moja, na ilikuwa na vijana wanaosimama jukwaani na Wakenya na Wamoroko. Kilichokosekana ni kamati ya Olimpiki ya taifa. Bila kamati inayotambuliwa, hakuna bendera. Bila bendera hukimbii, hata uwe na mbio kiasi gani. Kamati yetu ilitambuliwa mwaka 1993, na kwa hiyo Atlanta ndiyo ikawa mara yetu ya kwanza. Walikwenda wanamichezo saba.

Michezo ilifunguliwa tarehe 19 Julai, nchi yetu ikiwa vitani. Tarehe 20, kule Bugendana, watu zaidi ya mia tatu waliokuwa wamekimbia makwao waliuawa kambini. Tarehe 25 jeshi likachukua nchi, Pierre Buyoya, rais wa zamani, akarudi madarakani. Tarehe 31 majirani wetu walikutana Arusha wakatuwekea vikwazo. Watu wazima walisema ambago, na sisi watoto tukalijua neno hilo kabla ya kujua maana yake. Maana yake tuliijua siku chache baadaye, esansi, yaani petroli, ilipoanza kuuzwa kwenye chupa na bei ya sukari ikapanda kila asubuhi.

Gereji ilinyamaza. Magari yalisimama ndani yakiwa yameshatengenezwa, wenyewe hawana cha kuyaendeshea. Baba alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, redio ndogo magotini. Usiku ilikuwa marufuku kutoka nje. Tulikula mapema, ugali wa muhogo na ndagala kama zimepatikana, tukazima taa, tukasikiliza. Mama alikuwa na tabia ya kuhesabu milio ya risasi kwa tasbihi bila kujua kwamba anahesabu. Niliona vidole vyake.

Katika redio hiyo ndiyo tulisikia kwamba Aloÿs Nizigama ametoka wa nne katika mita elfu kumi, nyuma ya Gebrselassie, Tergat na Hissou. Baba alilirudia jambo hilo siku nzima. Wa nne! Kwake ule haukuwa mkosi wa kukosa medali. Ilikuwa habari ya kwanza katika wiki nyingi ambayo ilitaja jina la Mrundi na mtu huyo hakuwa amekufa wala hakuwa ameua.

Fainali ya mita elfu tano ilikimbiwa Jumamosi tarehe 3 Agosti, jioni ya Atlanta. Huku kwetu ilikuwa tayari usiku wa manane wa kuamkia Jumapili. Sikumbuki nani aliipata habari wa kwanza. Nakumbuka namna ilivyotufikia: kwa juu ya ukuta. Mtu hakuruhusiwa kutoka kwenda barabarani, kwa hiyo jirani alimwita jirani kupitia uani, na yule akamwita wa nyuma yake. Nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Mrundi! Mrundi ameshinda!" Baba alitoka uani bila viatu. Mama akamwambia arudi ndani, naye akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Niache nisikie vizuri."

Niyongabo alizaliwa Vugizo, kule Makamba, kusini kabisa. Mbio zake zilikuwa mita 1500. Zile elfu tano alikuwa amezikimbia mara chache mno. Ni mizunguko kumi na miwili na nusu, na asiyezizoea hupotea katikati, pale ambapo mwili unataka kukata tamaa na mwisho haujaonekana. Yeye alivumilia humo katikati pamoja na wenzake, mwishoni akafyatuka. Paul Bitok wa Kenya akamfuata, akampunguza, akampunguza, lakini utepe ukafika kabla hajamfikia. Dakika 13, sekunde 7 na pointi 96. Bitok alikuwa nyuma yake kwa sehemu mbili za kumi ya sekunde, na Khalid Boulami wa Moroko wa tatu. Nimeitazama picha yake ya video mara nyingi sana ukubwani, na bado kila nikifika mita mia za mwisho nashika kitu kilicho karibu nami.

Kulipopambazuka watu walitoka. Buyenzi ya wakati ule haikuwa Buyenzi kamili. Mwezi Machi 1995 majirani zetu wengi walikuwa wamekimbilia Uvira, ng'ambo ya ziwa, baada ya mauaji ya hapa na ya Bwiza, na nyumba zao zilikuwa zimekaliwa au zimebomolewa. Waliobaki walikuwa wakisalimiana kwa macho ya chini. Asubuhi ile nilimwona baba akishikana mkono na mzee ambaye hawakuwa wamesemeshana mwaka mzima. Walishikana tu, wakasimama. Sitasema kwamba tulipatana siku hiyo. Jumatatu woga ulirudi mahali pake, na vita vilichukua miaka mingine mingi. Ila mikono ile niliiona, na sitaki mtu aniambie kwamba haikuwa kitu.

Mchana baba akafungua kopo la rangi, akaandika mstari wa kwanza.

Mstari wa pili ulikuja majuma kadhaa baadaye. Mteja mmoja aliyesoma magazeti alikuja kutazama gari lake lisilo na esansi, akakaa na baba, akamweleza habari za Dieudonné Kwizera.

Kwizera alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mkubwa kwa Niyongabo kwa miaka sita hivi. Alisoma Marekani, chuo kikuu cha Nebraska, akakimbia kule, na mwaka 1988 alikuwa katika umri ambao mkimbiaji anangoja Olimpiki kama mkulima anavyongoja mvua. Nchi yake haikuwa na kamati. Seoul ikampita. Akajifua tena miaka minne. Barcelona 1992 nayo ikampita, kwa sababu ileile. Alikuwa miongoni mwa waliohangaika mpaka Burundi ikakubaliwa. Na ilipokubaliwa, umri ulikuwa umekwenda. Safari ya Atlanta aliwekwa kama kocha. Yaani mtu amesaidia kuufungua mlango, kisha anaambiwa awapeleke wengine ndani, yeye abaki kizingitini.

Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1500, yeye akahamia elfu tano.

Naomba msomaji akae hapa kidogo. Yule kijana alikuwa wa tatu duniani katika mita 1500 mwaka mmoja tu nyuma. Ndizo mbio alizozijenga tangu ujanani. Olimpiki ya kwanza ya nchi yake, pengine na ya mwisho kwa yeye kuwa na afya ile, naye anatoa mbio zake anazozijua ili mwenzake asife bila kuvaa namba ya Olimpiki kifuani. Kwizera akavaa namba, akakimbia mchujo wa kwanza, akatolewa hapohapo. Dakika tatu na kitu, basi. Miaka minane ya kungoja kwa dakika tatu na kitu.

Watu wengi hapa mjini wakisimulia habari hii humalizia kwa kusema Mungu alimlipa Niyongabo. Husema pia kwamba fainali ya mita 1500 ilikuwa jioni ileile, na El Guerrouj wa Moroko, mmoja wa waliotazamiwa kushinda, alianguka kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, kwa hiyo hata huko angeshinda. Mimi mambo hayo mawili sipendi kuyasikia. Mimi ni Mwislamu na naamini Mungu hulipa, lakini siku anaitoa nafasi ile, Niyongabo hakuwa na dhahabu yoyote ya kuitazamia. Angeweza kutoka wa kumi na moja. Angeweza kutolewa kwenye mchujo kama Kwizera, akarudi nyumbani mikono mitupu kwenye nchi inayoungua, na watu wakamwuliza kwa nini alitupa bahati yetu. Alitoa akijua hivyo. Ukifunga tendo lile kwenye medali, unalifanya biashara.

Baba alilielewa kuliko mimi. Alipomaliza kusikiliza alikwenda kuchukua brashi, akaandika KWIZERA. Mteja akamwuliza aandike na muda wake. Baba akasema, "Acha hivyohivyo."

Tuliingoja medali ya pili miaka ishirini. Mwaka 2016, Rio, usiku wa manane tena. Naona sisi Warundi tumeandikiwa kufurahi watu wakiwa wamelala. Francine Niyonsaba, binti wa Ruyigi, alichukua fedha ya mita 800 kwa dakika 1, sekunde 56 na pointi 49, nyuma ya Caster Semenya. Na tena ilikuwa ni baada ya mwaka mbaya, ule wa 2015, watu wengi walipoikimbia nchi. Mdogo wangu wa kike alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, na wanawe wawili. Alinitumia ujumbe saa tisa na nusu usiku: "Dada, umemwona mtoto wetu?" Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimekaa sakafuni, simu mkononi, nalia.

Baadaye sheria za riadha ya dunia zilibadilishwa kuhusu wanawake ambao miili yao ina homoni ya testosteroni kwa wingi kama wa Francine, ambayo ni maumbile tu, hakumeza wala kudungwa kitu, na kuanzia mwaka 2019 akazuiwa mbio zake za mita 800. Akahamia mbio ndefu. Tokyo akatoka wa tano katika mita elfu kumi. Elfu tano wakamwondoa kwa kukanyaga mstari wa ndani. Majuma machache baadaye, pale Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000. Mwaka 2023 sheria zikapanuliwa hadi mbio zote. Jambo hilo linaniuma mpaka leo na sijui kuliandika kwa utulivu, kwa hiyo naliacha. Ila Niyongabo alihamia mbio ndefu kwa hiari yake, Francine alisukumwa. Tofauti hiyo nataka mwanangu aijue.

Basi Jumamosi fundi alipowasha moto wake nilimwomba asikate ovyo. Nikamchorea kwa chaki mstari kuzunguka maandishi yote mawili. Kaka yangu alinitazama, akamwambia fundi, "Fanya anavyosema dada." Kipande kimetoka na ukubwa wa meza ya kulia chakula, kizito kuliko nilivyodhani. Tulikifunga kwenye mkokoteni, tukakisukuma mpaka nyumbani sisi watatu, na sasa kimeegemea ukuta wa uani, karibu na pipa la maji.

Mstari wa juu bado unasomeka vizuri. Wa chini kutu imekula A ya mwisho, na R imebaki nusu. Jana jioni mwanangu ameniomba faranga akanunue kikopo kidogo cha rangi nyeupe.