Upinde wa mvua hauji saa za masomo

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Manyatta, Kisumu. Chai bado iko jikoni, mimi nakagua mfuko: beseni jeupe, kioo cha kunyolea cha mzee wangu (nimekibeba bila kuomba), na chupa ya kupulizia maji niliyoazima kwa mama wa saluni. Aliniuliza, "Mwalimu, leo unawasuka?" Wiki hii darasani kwangu PP1, chekechea mwaka wa kwanza, tunasoma rangi.

Saa moja na nusu niko darasani, nafagia. Saa mbili wameingia wote 31, tumeimba, tumeitana majina, mmoja amelia na kunyamaza.

Saa mbili na nusu ndiyo saa yangu. Dirisha letu linatazama mashariki, na jua la wakati huo linaingia limelala. Naweka beseni la maji sakafuni, naegemeza kioo ndani, nusu kikiwa kimezama, kisha nakisogeza polepole. Ukutani, juu kidogo ya chati ya irabu, pakatokea utepe wa rangi wenye upana wa kiganja. Kimya. Halafu mtoto mmoja akatia kidole majini, utepe ukavunjika vipande vipande.

"Ticha, imekufa!"

"Ngojeni maji yatulie."

Mambo ya mwanga kupinda siwaelezi watoto wa miaka minne. Wewe nitakueleza: mwanga wa jua ni rangi nyingi zilizobebana, na ukiingia majini kila rangi inapinda kwa kiasi chake, nyekundu kidogo, zambarau zaidi. Hapo ndipo zinapoachana.

Tukahesabu. Chati inasema saba, wao wakaona tano: nyekundu, manjano, kijani, buluu, zambarau. Sikuwabishia. Newton mwenyewe alianza na tano, chungwa na nili akaziongeza baadaye ili zifike saba kama noti za muziki. Mimi nili sijawahi kuiona, na nina miwani.

Saa tatu tukatoka uwanjani na chupa ya saluni. Amri ni moja tu: mpe jua mgongo, tazama upande wa kivuli chako. Napuliza, na kipande cha upinde kinaning'inia hewani, kinapotea, napuliza tena. Wawili wakaanza kugombana. "Ni yangu!" "Ni yangu!" Wote walikuwa na haki, kwa sababu matone yanayoleta rangi kwenye jicho langu siyo yale yanayoleta kwenye jicho lako. Kila mtu ana upinde wake. Jaribu tu kuwaeleza hivyo watu wanaovutana kola.

Saa nne, uji. Tupite.

Saa tano, majina. Kiswahili kina rangi tatu zenye majina yake hasa: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Nyingine nyingi tumeazima kwa vitu, kwa hiyo nafundisha kwa vitu. Kijani, nainua sukuma. Kijivu, jivu la jikoni. Chungwa, halihitaji maelezo. Nilipofika zambarau wakanikodolea macho, mpaka niliposema ni jamna, lile tunda. Darasa zima likalipuka. Msichana mmoja akatoa ulimi kunionyesha unavyokuwa ukila jamna, ingawa siku hiyo hakuwa ameila na ulimi ulikuwa mwekundu tu.

Kisha nikafanya kosa la kuwaachia rangi za maji bila kuwasimamia. Nyekundu na manjano zikazaa chungwa, tukapiga makofi. Dakika tano baadaye kila kikombe kilikuwa na rangi ya uji wa wimbi.

Saa sita na nusu wanachukuliwa. Nyanya mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa ule wa Mungu mtawaonyesha lini?" Swali zuri. Jua likiwa juu zaidi ya nyuzi 42, upinde mzima unakuwa chini ya upeo wa macho, na hapa kwetu karibu na ikweta jua hupanda haraka. Mwezi huu wa Mei, kuanzia kama saa nne kasorobo hadi saa kumi kasoro, hata mvua na jua vikutane, angani hutaona kitu. Ni sehemu kubwa ya ratiba yangu ya shule.

Mchana ni kuosha vikombe na kujaza madaftari ya tathmini.

Saa kumi na moja na nusu nimo kwenye tuktuk, tunakaribia Kondele. Jua liko upande wa ziwa, mvua inanyesha Nandi. Na huo hapo: mguu mmoja umekanyaga vilima vya Nandi, mwingine uwanda wa Kano. Wengine huufurahia kwamba mvua imekwisha. Hapa mvua ya jioni mara nyingi hutoka upande ule, kwa hiyo akina mama walikuwa wanaanua nguo mbio.

Kando ya barabara nikamwona mmoja wa wangu, bado na sare, ameshika mkate, uso ameuelekeza kwenye jua na macho ameyafinya. Nikatoa kichwa nje.

"Geuka! Jua mgongoni!"

Akanipungia mkono. Tuktuk ikakata kona kabla sijaona kama aligeuka.