Nanga ya boti la pantoni, hasa kusi likivuma

Wadau wa bahari hapa Tanga, msichague nanga kwa uzito tu. Boti letu la kupeleka wageni kisiwa cha Toten limekaa juu ya mapipa mawili, halizami sana ila lina turubai na reli kibao, kusi likivuma upepo unalishika kama tanga na mzigo wote unaenda kwenye nanga. Ile ya makucha manne kwenye mchanga na tope inakwangua tu, na kwenye matumbawe inavunja, naomba sana tusiitupe huko. Sisi tunatumia ya mabapa mawili mapana, inajichimbia yenyewe, ila lazima iwe na kipande cha mnyororo kabla ya kamba ili ivutwe ikiwa imelala.

Halafu kamba jamani! Kutoka omo (mbele ya boti) mpaka chini kwenye sakafu ya bahari ikiwa mita 3 toa kamba mita 15 mpaka 21, na upigie hesabu ya maji kujaa maana bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) hapa linaweza kupanda zaidi ya mita 3, ukipima maji yametoka baadae kamba haitoshi. Funga omo, tezi (nyuma ya boti) usithubutu, wimbi linaingia ndani. Nikishashusha narudi nyuma taratibu na injini mpaka ishike, kisha naweka macho kwenye mnazi na paa la nyumba nyuma yake, vikianza kuachana ujue tunaburutwa.