Mionzi imeisha, mimi bado

Jamani leo nimelia kwenye daladala ya Kivukoni, mchana kweupe.

Wanaonijua wanajua, saratani ya titi, nikapita upasuaji, kemo (zile dawa za dripu), mwisho mionzi pale hospitali ya saratani Ocean Road. Sasa imebaki tamoxifen, kidonge cha kuzuia isirudi, kila siku kwa miaka 5 na kliniki ya kucheki. Nyumbani walishapika na pilau, hongera umepona, basi imeisha hiyo.

Sasa leo nimekaa zangu dirishani, nashtuka mkono umeshaenda wenyewe kwapani unapapasa, unatafuta uvimbe, mbele ya watu!

Mama mmoja pembeni ananiangalia. Nikajifanya naweka sawa mtandio, machozi hayo.

Ukweli kipindi cha dripu nilikuwa na ratiba, manesi wananijua kwa jina, na wagonjwa wenzangu tunataniana vipara. Saivi kimya, kichwa kikigonga kidogo tu nshafika mbali, na nikisema naogopa naambiwa acha kukufuru, mshukuru Mungu.

Namshukuru sana tu. Ila naogopa.

Mliomaliza matibabu, huu mkono mnaufanyaje? Usiku mnalala kweli? Niambieni, hata inboksi.