Dereva Atalala Wapi?

Mama alikuwa na haja mbili India, na zote mbili zilikataa kukaa katika wiki moja. Ya kwanza ilikuwa Taj Mahal, aliyokuwa akiitazama kwenye filamu za Kihindi tangu usichana wake pale Mombasa. Ya pili, na ndiyo iliyomkosesha usingizi, ilikuwa kuzuru kaburi la walii Khwaja Muinuddin Chishti, mjini Ajmer. Jirani yetu wa Kihindi hapo Mji wa Kale alikwenda akarudi na habari zake, na tangu siku hiyo Mama hakunipa nafasi ya kupumua. Kila nikipita sebuleni: "Safari imefika wapi?"

Taj Mahal hufungwa Ijumaa. Ajmer, Mama aliitaka Ijumaa. Halafu Alhamisi jioni alitaka kusikiliza kawali, nyimbo za kuwasifu Mungu na mawalii, kwa Nizamuddin Auliya, walii mwingine ambaye kaburi lake liko Delhi, na kutoka Delhi hadi Ajmer ni karibu kilomita 400. Ilikuwa Januari 2018, mwezi ambao ukungu wa kaskazini mwa India hufunga barabara asubuhi hata taa za gari la mbele huzioni. Nilikaa na kalenda na ramani usiku baada ya usiku nikivihamisha vituo kama mtu anayepanga vyombo kabatini, na kila nilipopata nafasi ya kimoja, kingine kilikosa mahali.

Treni zipo, tena nzuri. Shatabdi hutoka Delhi alfajiri ikapitia Jaipur hadi Ajmer. Lakini Mama ana magoti mabovu, na stesheni kubwa za India ni ngazi na madaraja ya kuvukia reli, na kila mji ungetaka ngazi nyingine na mchukuzi mwingine. Nikaamua tukodi gari na dereva wake kutoka Delhi: Agra penye Taj, Fatehpur Sikri, Jaipur, Ajmer, kisha turudi. Viza tuliomba kwa intaneti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo India huidai kwa atokaye Kenya, tukaipachika ndani ya pasipoti. Wakala mmoja wa Delhi akanipa bei nafuu kuliko wenziwe.

Bei za magari ya safari huko zina hesabu yake. Unalipia siku, na kila siku inahesabiwa kuwa kilomita 250 hata gari likilala. Kwa siku zetu tano, kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi, hiyo ilikuwa kilomita 1,250, na njia yetu yote haikufika huko. Ushuru wa barabara, maegesho, kodi ya kuvuka jimbo, posho ya dereva ya usiku: vyote inafaa uulize kimoja kimoja kama vimo ndani ya bei au utadaiwa njiani. Niliuliza vyote. Nikamsomea Mama majibu, naye akasikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Na huyo dereva atalala wapi?"

Nikamwambia posho yake imo.

"Sikuuliza pesa. Nimeuliza atalala wapi. Na chakula atakula saa ngapi, sisi tukiwa ndani tunatazama makaburi ya wafalme?"

Nikamwandikia wakala. Akajibu kwamba kila kitu kimepangwa, tusiwe na wasiwasi. Mama akasema kila kitu si jibu. Nikaandika tena, jibu likawa lile lile, tarehe zikawa zimekaribia, nikatuma arubuni.

Dereva alikuja kutuona jioni ya Jumatatu kwenye nyumba ya wageni, mtaa wa Karol Bagh, Delhi. Mtu wa makamo, mwembamba, sweta ya mikono mirefu na shali shingoni, mzaliwa wa milima ya Himachal. Alimwinamia Mama akamwita Mataji, yaani mama, kwa heshima. Mama, kwa Kihindi chake cha senema, akamuuliza kama amekula, na hapo wakawa wamejuana. Mimi nikafungua ratiba yangu mezani.

Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Nilikuwa nimeandika kwamba Jumanne tutoke Delhi saa kumi na moja alfajiri, tulale Agra, na Jumatano tuingie Taj jua linapochomoza. Akauliza kama anaweza kuandika juu yake. Akafuta saa kumi na moja akaweka saa tatu na nusu. Barabara ya Yamuna, ile iliyofunguliwa 2012, ina kilomita 165 za lami iliyonyooka, na unyoofu huo ndio unaoua watu wakati wa ukungu: wanakwenda mbio wasione, likigonga moja yanafuata mengine. "Ukungu haugombezwi," akasema, "unangojewa." Na Taj akaihamishia mchana wa Jumanne hiyo hiyo, kwa sababu asubuhi za Januari watu huamka gizani, wakalipa, wakatazama ukuta mweupe wa mvuke.

Kisha akafika kwenye Alhamisi. Nilikuwa na njia mbili nilizozichora kwa rangi mbili, moja ikitupitisha kwa Nizamuddin na kuinyima Ajmer Ijumaa yake, nyingine kinyume. Hakuzitazama sana. Alimgeukia Mama. Akamwambia kwamba kwa Nizamuddin wanawake hawaingii ndani penye kaburi, atasimama nje achungulie kwenye kimiani cha marumaru. Kwa Khwaja wa Ajmer ataingia, atasogea mpaka ashike kitambaa kwa mkono wake.

Mama hakufikiri hata kidogo. "Ajmer," akasema.

Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nianze kushika kalenda. Mtu aliyejua zaidi yangu alikuwa ameishika kazi.

Agra tulifika mchana, jua limetoka. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kulikaribia jengo, yanaachwa mbali na mnapanda vigari vya umeme. Mama alipovuka lango kuu akasimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku, akatazama mpaka nikaogopa magoti yatamchoka. Mumtaz Mahal alifariki 1631, mwaka uliofuata mumewe, mfalme Shah Jahan, akaanza kumjengea. Hayo nilimweleza Mama, naye akaninyamazisha kwa kiganja. Alitaka kutazama tu. Tulikaa hadi marumaru ilipogeuka rangi ya ngozi ya kitunguu, kengele za askari zikatutoa.

Hotelini ndipo swali la Mama lilipotudai. Tulikuwa tumekwisha kupewa funguo. Mama alirudi garini kuchukua dawa yake, akakuta dereva amelaza kiti cha mbele na kutandika blanketi. Hoteli haikuwa na chumba cha madereva. Nyingi huwa nacho, chumba kimoja cha vitanda vingi nyuma ya jiko, lakini hii haikuwa nacho, na ile posho aliyopewa na wakala ingemlipia kitanda mjini kwa usiku mmoja tu, halafu asile mpaka Ajmer. Nje baridi ilikuwa imeshuka kiasi kwamba pumzi zetu zinaonekana. Dereva akasema amezoea, hapana shida, Mataji akapumzike.

Mama akaenda mapokezi, akaketi kwenye kochi, akaweka ufunguo wake juu ya meza. Akaniambia: "Wambie nangoja hapa." Hakupandisha sauti. Kijana wa mapokezi akasema sheria ya hoteli. Mama akasema kwa Kiswahili, nami nikafasiri, kwamba kesho maisha yake yatakuwa mikononi mwa mtu huyu kwa kilomita 240, na mtu aliyelala akitetemeka hataki kuendeshwa naye, na mbali na hilo ni mtoto wa mtu. Mimi nikaomba chumba kingine, cha bei ya chini, nikalipa. Mwenye hoteli akatokea, akapunguza bei, akaagiza chai. Dereva alisimama mlangoni na blanketi lake mkononi, akakataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Mama akamwita kwa kidole kama anavyotuita sisi. Akaja.

Nilimwandikia wakala usiku ule ule. Kwamba ametuuzia safari ya watu wawili wakati watu ni watatu. Mpaka leo naamini hivyo: ukikodi gari na dereva umekodi siku za mtu, pamoja na usiku wake na tumbo lake, na bei iliyo nafuu kuliko zote mara nyingi imepunguzwa hapo, mahali ambapo mgeni hatazami.

Jumatano ilikuwa siku tamu. Fatehpur Sikri iko kama kilomita 40 kutoka Agra, juu ya kilima, mji ambao mfalme Akbar, babu yake Shah Jahan, aliujenga kuanzia 1571 na kuufanya makao yake kwa miaka michache, akauhama. Wageni wengi huingia msikitini kwa Buland Darwaza, lango refu la kutisha lenye ngazi za kuvunja mgongo. Dereva akatuelekeza tuzunguke upande wa mashariki, kwenye lango alilotumia mfalme mwenyewe, ambako ngazi ni chache. Ndani kuna kaburi dogo jeupe la Sheikh Salim Chishti, kimiani chake kimejaa nyuzi za watu waliofunga nadhiri. Mama akafunga uzi wake, na hakuniambia ni wa nini.

Kule njiani kuelekea Jaipur dereva akapunguza mwendo akaonyesha mnara wa matofali shambani, mnene, umechongoka juu, hauna mlango wala dirisha. Kos minar. Zilisimamishwa kuwahesabia wasafiri masafa, kila baada ya kilomita 3 hivi, na barabara ya Agra hadi Ajmer ilikuwa nazo. Akasimulia: Akbar alikuwa hana mrithi, akaenda kwa Sheikh Salim kuomba dua, mwana akazaliwa 1569 akaitwa Salim kwa heshima ya sheikh, yule atakayekuja kuitwa Jahangir. Kwa kutimiza nadhiri, mwaka uliofuata Akbar akatoka Agra hadi Ajmer kumshukuru Khwaja.

"Kwa farasi?" Mama akauliza.

"Kwa miguu, Mataji."

Mama akajishika magoti, akageuka kuutazama mnara mpaka ukapotea. Ndipo nilipotambua kwamba ratiba niliyoitokea jasho Mombasa ilikuwa imefuata njia ya mfalme, kutoka Agra hadi Ajmer, na nikafurahi mno.

Jaipur nitaipita. Ni mji mzuri, ulianzishwa 1727, una jumba la Hawa Mahal na madirisha yake, na una maduka ya mazulia ambayo madereva huwapeleka wageni wapate kamisheni. Wetu aliuliza kwanza kama tunataka. Tukasema hatutaki. Basi.

Ijumaa Ajmer. Gari huliachi karibu na dargah, yaani ziara ya walii, vichochoro ni vyembamba na umati ni mwingi, kwa hiyo dereva aliegesha mbali, akatafuta riksho, akapanga bei, kisha akapanda na sisi. Yeye si Mwislamu. Alifunga leso kichwani, akanunua waridi zake mwenyewe, sinia dogo la majani ya mti lililojaa petali, maana binti yake alikuwa na mtihani. Hapo si ajabu, nusu ya waliotuzunguka walionekana Wahindu. Khwaja alifariki 1236 na bado watu wanamletea haja zao wakisukumana.

Ndani ya ua yapo masufuria mawili makubwa, kubwa zaidi ni la Akbar na jingine la Jahangir, yamejengewa ngazi ili mtu apande achungulie. Mama alipanda, mimi nimemshika kiwiko. Chini kabisa, mahali ambapo wali mtamu hupikwa, siku ile palikuwa na noti, magunia ya mchele na kitambaa kimoja cha kijani. Akatupa alichokuja nacho. Kisha mlangoni, kwenye msongamano, akaniachia mkono akaingia peke yake, buibui jeusi kati ya rangi zote zile, na ilikuwa kama dereva alivyoahidi. Alitoka uso umelowa, petali zimemnasa kwenye mtandio.

Alipotoka hakutaka kuondoka. Jioni wangeimba kawali uani. Kwa karatasi yetu tulipaswa kurudi Jaipur, kilomita 130 na ushei, ambako vyumba vilikwisha lipwa. Nikamtazama dereva. Akasema usiku huu hatamwendesha Mataji kwenye ukungu hata kwa pesa maradufu, na kwamba Ajmer hadi Delhi moja kwa moja inawezekana Jumamosi tukitoka saa nne asubuhi, na kilomita hazitazidi zile tulizolipia. Alikuwa amezihesabu kabla sijamuuliza.

Tukapoteza pesa za Jaipur. Tulipata nyumba ya wageni karibu na ziwa la Ana Sagar, vyumba vitatu, na kwa mara ya kwanza nilikiandika cha dereva kwenye daftari langu juu kabisa, kabla ya vyetu. Baada ya magharibi tukaketi uani, wanaume wenye harimuni na ngoma wakaanza pole pole. Dereva alikuwa na Mama upande mmoja akimnong'oneza maana ya maneno kwa Kihindi chepesi, Mama akiitikia kwa kichwa kana kwamba anaelewa lote. Labda alielewa.

Delhi tuliingia Jumamosi jua linapozama. Dereva akasoma mita, akaandika namba kwenye karatasi ya safari, nikatia saini. Bakshishi nilimpa mkononi. Jumatatu, wakala akanitumia ujumbe wa kuomba maoni mazuri, nami nikamjibu kwa ukurasa mzima kuhusu Agra, nikamtaka aandike kwenye kila ratiba dereva analala wapi kila usiku, jina la mahali na bei yake. Hakujibu. Ndugu wa Mama walipotaka safari kama hiyo mwaka uliofuata, nilimtafuta dereva moja kwa moja kwa simu, akatuma bei iliyo juu kidogo, vyumba vyake vikiwa ndani, nikailipa yote.