Msuko ulioshika shingo ya mnara wangu

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya usanifu majengo, nikiwa Sweden, nilijipa kazi ya kubuni mnara wa ghorofa 40 unaotokana na sanamu za Wagiriki wa kale. Mchoro wa kwanza ulikuwa Atlas, jitu la hadithi za Kigiriki, amebeba mbingu mabegani. Mwalimu aliutazama, akauliza, "Uzito unashukia wapi?" Nikanyamaza.

Nikapanda treni hadi Malmö kuitazama Turning Torso, jengo la urefu wa mita 190, ambalo msanifu Santiago Calatrava alilianzia kwenye sanamu yake ya kiwiliwili kinachojipinda. Ghorofa zinazunguka nyuzi 90 toka chini hadi juu, lakini ndani mhimili wa zege umesimama wima. Hapo nikaanza kuelewa swali la mwalimu.

Jibu nililipata Athens. Katika Jumba la Makumbusho la Akropoli wamesimama wasichana watano wa marumaru, waliokuwa nguzo za kibaraza cha hekalu la Erechtheion. Wa sita yuko London, na nafasi yake imeachwa wazi, niliumia kuiona. Nilizunguka nyuma yao, nikakaa pale karibu saa nzima. Kwa mbele, mikunjo ya vazi kwenye mguu uliobeba uzito inashuka wima kama michirizi ya nguzo, na goti la pili limelegea kidogo. Kwa nyuma, misuko minene ya nywele inashuka toka kichwani hadi mgongoni. Shingo ya mtu ni nyembamba, na hizi zilibebeshwa paa la mawe. Mchongaji aliongeza unene palepale ambapo jiwe lingekatika, na ukitazama unaona nywele tu. Ni zaidi ya miaka 2,400 iliyopita!

Mnara wangu nao ulikuwa na shingo: ghorofa ya 26 na 27 nilikuwa nimeziacha wazi ziwe bustani, na modeli ya kadibodi ilikuwa ikiyumba hapo kila nikiigusa. Nikafuta Atlas. Nikashusha kuta mbili nene za zege upande wa nyuma, toka ghorofa ya 31 hadi ya 20, zikipishana kama msuko, ndani yake ngazi na mabomba. Kwenye modeli nilitumia vijiti vya mishikaki, vitatu vitatu, nikavifunga uzi na kuvipaka gundi.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu aliusukuma mnara kwa kidole gumba, usawa wa bustani. Haukuyumba. Akauliza mbona mgongo umekuwa mnene hivyo, nami nikamwekea mezani picha ya shingo ya yule msichana.