Nyuso za Wasafiri wa Ncha za Dunia

Jumapili, usiku

Nimemaliza kuchora macho ya Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri kuitafuta Ncha ya Kaskazini, na siyagusi tena. Yamebaki manyoya ya kofia, ambayo hayana presha: unavuta mistari mifupi mifupi kwa penseli kali mpaka mkono uchoke.

Tabu ya kuwachora wasafiri wa ncha za dunia ni kwamba wanafanana. Ndevu, kofia, manyoya hadi kidevuni, ngozi iliyobabuka kwa baridi na jua. Ukiondoa macho na pua, huna cha kushika. Ndiyo maana Roald Amundsen, yule Mnorwe, ni rahisi kuliko wote. Pua ile ya kipanga ukiipata, umempata mwenyewe. Ila picha yake maarufu ya mavazi ya manyoya ilipigwa kwao Norway, kabla hajaelekea kusini. Alijipanga mbele ya kamera. Hilo halimpunguzii kitu, kwani tarehe 14 Desemba 1911 alifika kweli Ncha ya Kusini, lakini ukiwa na penseli mkononi unaona wazi kwamba uso ule haujachoka.

Uchovu upo kwenye picha ya Mwingereza Robert Scott na wenzake wanne, waliofika nchani Januari 1912 wakakuta hema la Wanorwe limewatangulia. Bowers, mmoja wao, aliifyatua kamera kwa kuvuta uzi. Wote watano walikufa wakirudi, na filamu ikapatikana Novemba katika hema walimolala watatu wa mwisho. Niliuchora uso wa Scott kutoka hapo na nikasikia vibaya, kama mtu anayechungulia msiba wa jirani.

Kwenye kundi lile yumo Edward Wilson, daktari na mchoraji, ambaye namwonea wivu na huruma kwa pamoja. Nje rangi za maji ziliganda, kwa hiyo alichora kwa penseli, akaandika pembeni majina ya rangi alizoziona, kisha akapaka akiwa kibandani. Kuchora kulimlazimu avue glavu nene, na vidole havikuvumilia baridi ile kwa zaidi ya dakika chache. Katika safari ya 1902, akiwa na Scott na msafiri mwingine, Shackleton, mwanga wa theluji uliyaunguza macho yake hadi akatembea amefungwa kitambaa. Nami hapa nalalamikia taa ya mezani!

Turudi kwa Henson. Alizaliwa Maryland mwaka 1866, akaenda baharini angali mtoto, akakutana na Robert Peary, msafiri aliyemchukua kwenye safari zake, katika duka la kofia mjini Washington mwaka 1887. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa fundi wa sleji (magari ya theluji yanayovutwa na mbwa), mwendesha mbwa, na mtu aliyejifunza lugha ya Wainuiti, wenyeji wa kaskazini kule, akaongea nao bila mkalimani. Peary aliporudi akitangaza kwamba wamefika Ncha ya Kaskazini tarehe 6 Aprili 1909 (wataalamu wengi leo wanatilia shaka vipimo vyake), sifa zilimwendea yeye, akapandishwa hadi cheo cha admirali. Henson alikwenda kufanya kazi ya ofisi katika forodha ya New York. Klabu ya wasafiri ya mji huo haikumpokea hadi mwaka 1937.

Kuchora ngozi nyeusi iliyozungukwa na manyoya meupe ni mtihani, na wachoraji wengi wanaukwepa kwa kuupaka uso wote giza moja. Uso wa Henson una mwanga mwingi: kwenye mfupa wa shavu, juu ya mdomo karibu na masharubu, kwenye ukope wa chini. Nilianza kwa penseli ya 2B nikajenga polepole, ya 6B, iliyo laini na nyeusi zaidi, nikaitunza kwa mboni na kivuli cha ndani ya kofia. Alichokipata uso huu mwishoni ni subira yenye ukali kidogo, na sikuutia mimi. Umo kwenye picha.

Linaloniumiza kichwa ni wale wanne. Katika picha waliyopigwa pale kwenye barafu, Henson amesimama na Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah, kila mmoja na bendera. Nikiikuza, nyuso za Wainuiti hawa zinageuka chembechembe. Ningeweza kubuni mashavu na macho, watu wangesifu, lakini basi nitakuwa nimechora "Mwinuiti" wa kichwani mwangu, si Ootah. Kwa hiyo nimeamua: hao nitawachora wima, mwili mzima, na Henson katikati, nyuso kwa ukubwa uleule wa pichani, nikiishia pale ambapo picha yenyewe inaishia. Majina matano chini, herufi za ukubwa mmoja. Peary simuweki, na wala simwonei: yeye ndiye aliyeshika kamera.

Karatasi kubwa ya kazi hiyo nanunua kesho, mshahara ukiruhusu.