Atomu Si Yai: Nilivyofundisha Muundo wa Atomu Kidato cha Pili

Katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha kemia kwenye shule moja ya kata huko Ufipa, mkoani Rukwa, nilikuwa nikisahihisha jaribio la kidato cha pili nilipokutana na jambo ambalo sikuwa nimeliona miaka miwili iliyotangulia, ingawa naamini lilikuwapo tangu mwanzo. Swali liliwataka wanafunzi wachore atomu ya kaboni na kutaja sehemu zake. Wengi walitaja protoni na nyutroni, zinazounda kiini cha katikati, na elektroni zilizo nje yake, bila kukosea, na hesabu zao zilikuwa sahihi: sita, sita na sita. Hata hivyo, katika michoro mingi kiini kilijaza karibu nusu ya duara, na msichana mmoja ambaye ni miongoni mwa wanaofanya vizuri darasani alichora umbo la duara lililorefuka, akaweka kiini katikati, akazungushia ganda, kisha nafasi iliyobaki akaipaka penseli kwa wepesi. Nilimwita nikamuuliza sehemu aliyoipaka ni nini. Alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, nilidhani ni ute."

Jibu hilo halikunitoka akilini jioni ile nzima. Mtoto yule hakuwa amezembea. Alikuwa amefikiri kwa kutumia maneno niliyompa mimi mwenyewe. Wanafunzi wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wanapoingia sekondari masomo ya sayansi huwajia kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu anayetaka waelewe huwatafsiria maneno magumu papo hapo. Nilikuwa nimesema kiini, na kila aliyewahi kupasua yai anakijua kiini cha yai kilivyo kikubwa. Nilikuwa nimesema ganda, nikimaanisha ngazi ambamo elektroni hukaa, na ganda nalo ni la yai. Katika baiolojia walikuwa wamekwisha kukichora kiini cha seli, ambacho huonekana waziwazi kwa hadubini. Neno la Kiingereza la ganda, "shell", halikuwaokoa pia, kwa kuwa baadhi yao lilikuwa likiwakumbusha sheli, mahali pa kununulia mafuta ya magari. Maneno yenyewe si mabaya, na bado ninayatumia, lakini nilikuwa nimeyatoa kabla ya kuwapa kitu cha kuyashikilia, nayo yakaenda kushikamana na yai.

Mwaka uliofuata nilibadilisha mpangilio. Mchoro wa duara juu ya duara, ambao zamani nilikuwa nikiufungulia somo, niliuahirisha hadi wiki ya pili, na nikaanza na ukubwa. Niliwatoa nje kipindi cha mwisho, nikampa mwanafunzi mmoja punje ya ulezi aiweke juu ya karatasi katikati ya uwanja wa mpira, na wengine nikawaagiza waende wakasimame kwenye magoli ya pande zote mbili. Uwanja wetu una urefu wa mita 90 hivi, na punje ya ulezi ina upana wa milimita moja na nusu. Upana wa atomu ya hidrojeni ni yapata mara 60,000 ya upana wa kiini chake, ambacho ni protoni moja tu. Kwa hiyo, ikiwa punje ile ndiyo kiini, mpaka wa atomu uko pale waliposimama, si kwa kutanda juu ya nyasi peke yake bali kwa kupanda juu na kushuka chini kama tufe. Niliwauliza waliokuwa golini kama wanaiona punje, na hakuna aliyeiona. Kisha niliwaambia kwamba protoni ile ina masi, yaani kiasi cha maada, ya takriban mara 1,836 ya masi ya elektroni, maana yake karibu masi yote ya tufe lile kubwa imo ndani ya punje ambayo hawawezi kuiona.

Hapo ndipo lilipokuja swali ambalo sikulitarajia, na ambalo sasa nalisubiri kila mwaka. "Mwalimu, naomba kuuliza: kati ya ulezi na sisi kuna nini, ni hewa?" Niliwaacha wajibizane kwa muda, kwa sababu swali hilo lina thamani kuliko maelezo yangu mengi. Haiwezi kuwa hewa, kwa kuwa hewa yenyewe imejengwa kwa atomu za naitrojeni, oksijeni na nyinginezo. Huwezi kuijaza atomu kwa kitu kilichotengenezwa kwa atomu. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini basi mkono wake haupenyi dawati, kama vyote viwili ni vitupu kiasi hicho. Nilimweleza kwamba elektroni zote zina chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana, hivyo elektroni za mkono na za dawati zinapokaribiana hukataliana kabla mkono haujaingia. Nilimwambia pia kwamba hiyo ni sehemu tu ya jibu, na kwamba sehemu nyingine, inayohusu namna elektroni zinavyokataa kushiriki hali moja, ataikuta mbele akiendelea na fizikia. Sipendi kumwacha mwanafunzi akidhani kwamba amepewa jibu zima wakati amepewa nusu.

Siku iliyofuata tulirudi darasani na swali moja: kama kiini hakionekani, nani alijua kwamba kipo? Niliegemeza ubao mpana juu ya vipande vinne vya tofali, na chini yake nikaficha kitu ambacho hawakuruhusiwa kukichungulia. Kazi yao ilikuwa kuviringisha gololi kutoka kila upande na kuandika zinatokea wapi. Makundi matatu niliwafichia kipande kikubwa cha mbao, na walikitambua umbo lake upesi. Kundi la nne niliwafichia jiwe dogo. Gololi zao zilipita moja kwa moja, moja baada ya nyingine, hata wakataka kuandika kwamba chini hamna kitu; niliwasihi waendelee, na baada ya muda gololi moja iligonga ikarudi ilikotoka. Kelele walizopiga zilimleta mwalimu wa darasa la jirani mlangoni.

Sikuwa na haja ya kueleza sana baada ya hapo. Niliwasimulia kwamba mwaka 1909, katika Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa, ambazo ni ndogo mno na zina chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu, zikapita nyingi kana kwamba hakuna kizuizi, lakini chache mno zikarudi nyuma. Wakati huo elektroni ilikuwa inajulikana, kwa kuwa J. J. Thomson aliitangaza mwaka 1897, na yeye aliidhania atomu kuwa tufe la chaji chanya lililopandikizwa elektroni ndani yake. Tufe la namna hiyo lisingeweza kuirudisha chembe ya alfa. Mwaka 1911 Rutherford alieleza kwamba chaji chanya na karibu masi yote lazima viwe vimekusanyika mahali padogo sana katikati. Kundi la jiwe dogo lilielewa kabla sijamaliza sentensi.

Kuna jambo moja hapa ambalo walimu wa mkoa wetu tunaweza kulitumia vizuri kuliko wenzetu wa kwingineko. Chembe ya alfa ni protoni mbili na nyutroni mbili, yaani kiini cha heliamu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Ziwa Rukwa lina hazina kubwa ya gesi ya heliamu, na wanafunzi wangu walikuwa wamesikia habari hizo nyumbani bila kuzihusisha na kemia. Heliamu ile hutokana na atomu za urani na thori zilizomo katika miamba ya kale, ambazo huvunjika polepole zikitoa chembe za alfa. Kila chembe inapojipatia elektroni mbili huwa atomu ya heliamu. Niliona nyuso zikibadilika walipotambua kwamba kilichorushwa kwenye dhahabu kule Manchester na kinachotafutwa chini ya bonde letu ni kitu kilekile.

Nyutroni ilinipa shida ya aina nyingine. James Chadwick aliigundua mwaka 1932, na maelezo yake ni mafupi: haina chaji, na masi yake inakaribiana na ya protoni. Tatizo lilikuwa klorini. Kitabu kinatoa 35.5 kuwa masi ya atomu yake, ambayo wanafunzi huichukua kama jumla ya protoni na nyutroni; mwanafunzi anaondoa protoni 17, anapata nyutroni 18.5, na anaandika jibu hilo bila kushtuka. Nilileta maharage ya aina mbili, nikawapa kila kundi matatu yenye uzito wa kuwaziwa wa 35 na moja la 37, watafute wastani. Jumla ni 142. Ukigawanya kwa nne unapata 35.5. Hakuna hata harage moja lenye uzito huo, na vivyo hivyo hakuna atomu ya klorini yenye nusu nyutroni, bali takriban tatu katika kila nne zina nyutroni 18 na iliyobaki ina 20.

Mchoro wa duara niliuleta mwisho, pamoja na jiko langu dogo la gesi kutoka nyumbani na chumvi ya Uvinza niliyoiyeyusha katika maji kidogo. Nilichovya waya safi, nikauingiza katika mwali wa buluu, na mwali ukageuka manjano iliyokolea. Sodiamu, iliyomo katika chumvi, ina elektroni 11, zilizopangwa mbili, nane na moja. Ile moja ya nje ikipata nishati hupanda ngazi, na inaporudi huitoa nishati hiyo kama mwanga wa rangi hiyohiyo kila mara. Kwa hiyo duara tunazochora, zilizotokana na kazi ya Niels Bohr ya mwaka 1913, nazitambulisha kama ngazi za nishati, si njia ambazo elektroni hukimbilia kama gari barabarani, wala ganda linaloweza kupasuliwa. Ni baada ya hapo tu ndipo ninapowapa istilahi za Kiingereza watakazozihitaji katika mtihani, na wakati huo kila neno lina mahali pake pa kukaa.

Chini ya kila mchoro wa atomu ninaouchora ubaoni siku hizi ninaandika kwamba kiini kimekuzwa, na ninawataka wanafunzi waandike hivyo hivyo katika daftari zao. Katika jaribio la mwaka huo bado walikuwapo saba waliochora kiini kikubwa bila maelezo hayo, nami niliwarudisha uwanjani peke yao, na punje nyingine ya ulezi.